Mdimu wa Ghorofani

Mwezi uliopita binti wa ndugu yangu, ambaye yuko Finland kwa masomo, aliniletea kwa simu picha ya mdimu mdogo uliosimama ndani ya chungu pembeni mwa chumba chake, na juu yake, karibu na dari, ilikuwapo taa ya rangi ya zambarau aliyoinunua kwa akiba yake mwenyewe, na chini ya picha aliandika: "Shikamoo ami. Taa inawaka mchana na usiku, maji natia kila siku, na majani yanazidi kupukutika. Nifanyeje?" Nilimjibu marahaba, kisha nikaiweka simu chini na kukaa kitambo bila ya kuandika neno jingine, kwa kuwa swali lake, ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa la kujibiwa kwa dakika mbili, lilinirudisha katika miaka mingi niliyoishi London, katika nyumba ya ghorofa ambayo dirisha lake kubwa lilielekea mashariki, nikiulea mti ulioumbiwa jua mahali ambapo jua lenyewe huonekana kwa nadra.

Sikwenda London kwa ajili ya kulima. Nilifika huko mwishoni mwa miaka ya 70, nikapata kazi ya ukarani katika ghala la mizigo, na baada ya kuizoea baridi, na lugha, na nauli za treni, niliona kwamba kilichobaki kunitaabisha ni vitu vidogo ambavyo mtu huona haya kuvitaja katika barua za nyumbani. Kimojawapo kilikuwa ndimu. Msomaji wa mwambao hahitaji kuelezwa kazi ya ndimu: samaki haoshwi bila yake, kachumbari haikamiliki, mchuzi haupati ukali unaoustahili, na achari iliyoanikwa juani ndani ya chupa kwa wiki kadhaa ni nusu ya utamu wa wali. Masoko ya London yalikuwa na ndimu, nami sitaki kuyasingizia. Lakini zilikuwa ndimu kubwa za kijani, zisizo na kokwa hata moja, za jamii ambayo wakulima huiita ya Tahiti, na kwa pua iliyolelewa Unguja harufu yake ilipungua kitu. Katika ua wa nyumba tuliyokulia palikuwa na mdimu na mdanzi, na sikupata kumwona mtu akiipimia maji, wala akiutafutia mmoja wao mahali pa jua, kwa sababu jua lilikuwa kila mahali, na aliyetaka kitu cha kutafuta alitafuta kivuli.

Siku moja, katika duka la Wahindi huko Southall, magharibi ya jiji, niliziona ndimu ndogo za manjano, zenye ngozi nyembamba, nikanunua zote zilizokuwamo katika sahani ya mizani. Nyingi tulizila, kokwa za chache nikaziosha utelezi wake na kuzipanda siku ileile, maana kokwa ya ndimu ikikauka hupoteza uhai wake upesi. Baada ya wiki kadhaa zikachipua, na katika tundu nililotia kokwa moja yakatoka machipukizi mawili, na katika jingine matatu, jambo lililomshangaza mke wangu hata akanituhumu kwamba sikuhesabu vyema. Kumbe ndiyo tabia ya ndimu hizi: ndani ya kokwa moja hukaa vijusi kadhaa, na vingi vyao hutokana na mwili wa mti mama peke yake, pasipo kuchangiwa na chavua ya mti mwingine, hata mche unaoota huwa ni mama yuleyule. Kwa ajili hiyo mdimu waweza kupandwa kwa kokwa vizazi na vizazi na tunda lisibadilike. Malipo yake ni subira, kwa kuwa mdimu wa kokwa huota miiba kwanza na hukaa miaka kadhaa kabla ya kutoa ua, ilhali mche uliobebeshwa huweza kuzaa ungali haujafika kiunoni mwa mtu mzima. Mimi nilikuwa kijana, na subira nilikuwa nayo tele.

Majira ya joto ya kwanza yalipita kwa heri. London iko karibu digrii 51 na nusu kaskazini ya Ikweta, na mwezi wa Juni mchana wake huzidi saa kumi na sita, urefu ambao mdimu wa Unguja haupati kuuona katika umri wake wote. Lakini mwezi wa Desemba jua huchomoza saa mbili za asubuhi na kuchwa saa kumi kasoro, likipita chini kabisa pembeni mwa mbingu, na mara nyingi nyuma ya mawingu, hata mtu aweza kwenda kazini gizani na kurudi gizani wiki nzima asijue kama lilitoka. Ulipoingia mwezi wa Januari majani ya miche yangu yakaanza kuanguka. Wala hayakuwa majani ya manjano yaliyokwisha umri wake, bali ya kijani, yenye siha, yaliyokutwa asubuhi yametandaa juu ya zulia kana kwamba kuna mtu aliyeyachuma usiku. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa na imani kubwa na mimea, alinishauri nitie maji zaidi. Mtu mwingine akasema nivisogeze vyungu kwenye joto zaidi. Nasaha hizo zote mbili zilitoka katika huruma, na zote mbili zilizidisha maradhi.

Sababu yake, niliyoielezwa baadaye na mtunza bustani mmoja wa manispaa aliyekuwa akila chakula chake cha mchana katika benchi moja nami, ni hii. Mizizi ya jamii ya michungwa hulegeza kazi yake joto la udongo linaposhuka karibu na digrii 13 za Selsiasi, na chungu kilichowekwa kando ya kioo cha dirisha usiku wa baridi hushuka hapo kwa wepesi. Kukicha, hita iliyo chini ya dirisha huyapulizia majani joto kavu, majani yakadai maji, na mizizi iliyolala haiwezi kuyapeleka. Basi mti hujiokoa kwa kuyaacha majani yaende zake. Maji ya ziada katika udongo uliopoa huozesha mizizi, na joto la ziada juu huzidisha kiu. Mti ulio ugenini hauli huruma ya mwenyewe. Unataka vitu vinavyopimika, na hata upendo uwe mkubwa namna gani hausimami badala ya kipimo.

Niliiondoa miche dirishani nikaiweka katikati ya sebule, chungu juu ya ubao, chini ya taa ya dari ambayo kwangu ilikuwa na mwangaza wa kutosha kusomea gazeti hadi matangazo ya vifo. Kupukutika kukakoma, lakini kukua nako kukakoma. Vikatoka vijitawi vyembamba, virefu, vilivyopauka, vikiinamia upande wa dirisha kwa unyonge uliotia haya. Siku ya Idi alikuja rafiki yangu mmoja wa Mombasa, mpiga picha za harusi, akiwa na kipimanuru chake ndani ya mfuko wa koti, na baada ya kula akakishika juu ya majani ili kutuchekesha. Nje, katika mchana wa jua kali, nuru hufika luksi laki moja. Pale sebuleni, chini ya taa niliyojivunia, haikufika luksi mia tatu. Jicho la mwanadamu ni shahidi mbaya katika kesi hii, maana mboni hupanuka penye kiza na kujibana penye mwanga, na bongo ikasawazisha kilichobaki, hata chumba na uwanja vikaonekana kwetu kuwa mwangaza mmoja uliotofautiana kidogo tu. Jani halina mboni. Jani hutengeneza chakula kwa kadiri ya nuru inayoliangukia, na kwa mti ulio sakafuni taa ya dari ni kama harufu ya biriani ya jirani: inafika, lakini haishibishi.

Wakubwa kuliko sisi walidanganywa na jicho hilohilo. Katika bustani ya Kew, isiyo mbali na mahali nilipokuwa nikiishi, liko jumba la michungwa lililokamilika mwaka 1761, kazi ya William Chambers kwa ajili ya Augusta, mama wa Mfalme George wa Tatu; jumba la adhama, lenye madirisha marefu ya tao na kuta nene, na joto lake lilifikiriwa tangu msingi. Paa lake halikuwa la kioo. Miti ikakaa humo katika fahari na kiza, na mwaka 1841 ikahamishwa, kwa kuwa jengo halikuwa na nuru ya kuitosha. Leo ni mkahawa, nami nimekunywa chai humo katika Februari moja ya mawingu, nikatazama juu, nikaona wazi kwamba mtu aliyelisifu jumba lile kwa mwangaza wake alikuwa akizungumza habari za watu. Wafaransa walikuwa na akili zaidi, au labda walikuwa na jua zaidi. Jumba la michungwa la Versailles, lililojengwa na Jules Hardouin-Mansart kati ya 1684 na 1686, halikukusudiwa kuwa maskani ya mwaka mzima: miti imo ndani ya makasha, hutolewa nje majira ya joto, na wakati wa baridi hurejeshwa ndani kulala penye ubaridi wa kadiri, mbali na jalidi. Hapo pana hekima ambayo wauza taa hawaisemi. Mti uliolala kwa ubaridi haudai chakula kingi, na nuru kidogo ya dirisha huuvusha hata majira ya joto. Mti uliowekwa sebuleni penye joto huwa macho na una njaa, na mwenye kuupa joto amejiwajibisha kuupa na nuru.

Basi nikanunua taa nyeupe za mirija, zile za maofisini, nikazining'iniza kwa minyororo shibiri moja juu ya majani, ili ziweze kupandishwa mti unapokua. Mke wangu alisimama mlangoni akazitazama, akasema, "Bwana wee, mti unawashiwa taa mbili, na mimi jikoni nina moja?" Nikamwekea ya pili jikoni siku ileile, kwani hoja yake ilikuwa na insafu. Lakini wazo lenyewe la kulisha mmea kwa umeme si jipya kama watu wanavyodhani. Mwaka 1880 William Siemens, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Uingereza, alizileta mbele ya Royal Society mjini London habari za majaribio yake ya kuiwashia mimea taa za umeme za wakati ule nyakati za usiku, na jinsi ilivyokua. Nayo ilikuwa ni miaka michache tu tangu taa hizo zianze kuonekana mabarabarani. Kilichowazuia waliomfuata si elimu, bali gharama.

Shibiri ile moja ndiyo siri kubwa kuliko zote, na ndilo jambo la kwanza nililomwandikia binti yetu wa Finland, ambaye taa yake ilikuwa juu ya mti wake kwa urefu wa mtu. Nuru itokayo katika taa moja hutawanyika kila upande, hivi kwamba ukiongeza umbali mara mbili hubaki robo yake, si nusu. Ukiongeza mara tatu, hubaki sehemu moja katika tisa. Mtu hununua taa ya bei kubwa, akaining'iniza darini ili chumba kipendeze, akauacha mti na sadaka ya makombo. Na mwenzake hununua taa ya kawaida, akaishusha hadi mkono wake uliowekwa juu ya majani uhisi uvuguvugu usiochoma, na mti wake ukanenepa. La pili nililomwandikia ni kwamba aizime usiku. Mimea mingi hutengeneza chakula mchana na kukisafirisha usiku kwenda kwenye mizizi na machipukizi, na mdimu hasa ni mti wa nchi zenye usiku wa kweli: Unguja, iliyo karibu digrii 6 kusini ya Ikweta, mchana wake hauachani na saa kumi na mbili kwa zaidi ya nusu saa mwaka mzima. Kwangu swichi ya saa iliwasha alfajiri na kuzima jioni, saa kumi na nne kwa siku wakati wa baridi, na tangu nilipoifunga sikuigusa tena ila kuipangusa vumbi.

Miaka ilipokwenda mti mmoja ukaishinda mingine yote, na mirija ikawa haiutoshi, nikanunua kutoka kwa mkulima aliyefunga kibanda chake cha vioo taa ya sodiamu ya wati 400, yenye mwanga wa rangi ya chungwa lililoiva, joto la kupasha chumba, na mngurumo usionyamaza. Mwanga ule ulitoka nje kupitia pazia ukaonekana barabarani. Usiku mmoja wa Novemba wakabisha hodi askari wawili, mwanamume na mwanamke, wakauliza kwa adabu kama wanaweza kukiona chumba kinachotoa mwanga ule, nami nilijua wanachokitafuta, maana katika mji ule taa za namna ile ndani ya nyumba za watu aghalabu huoteshewa bangi. Nikawakaribisha. Wakasimama mbele ya mdimu ulio na miiba mirefu kama sindano za magunia, wakatazamana. Yule mwanamke akachuma jani moja, akalifikicha kati ya vidole, akanusa, akampa mwenzake anuse. Kisha akaniuliza kama ndimu haziuzwi madukani. Nikamwambia zinauzwa. Akasubiri kidogo, labda nitaendelea, na nilipokuwa siendelei akanitakia usiku mwema. Mke wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini swali la yule askari ni swali la haki, na nitalijibu kabla sijamaliza.

Kisha zikaja taa za LED, ambazo zimeyafanya mambo haya yote kuwa mepesi. Taa nyekundu za aina hiyo zilikuwapo zamani; kilichokosekana ni ile ya buluu yenye nguvu, na Wajapani walioivumbua, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura (huyu wa mwisho akiwa amekwisha chukua uraia wa Marekani), walipewa Nishani ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa buluu hiyo ikapatikana taa nyeupe, na kwa buluu na nyekundu zikapatikana zile taa za zambarau ambazo wafanyabiashara huzisifu kwa hoja kwamba jani hupenda rangi hizo mbili kuliko kijani. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini rai yangu ni kwamba mtu wa nyumbani aiache zambarau na achukue nyeupe. Chini ya zambarau jani la kijani huonekana jeusi, na mwenye mti hawezi kuona kama limeanza kugeuka manjano, wala kama utitiri umekwisha sokota nyuzi zake nyembamba chini yake. Anakuwa mganga anayempima mgonjwa aliyefunikwa shuka. Nilimwambia binti yetu auzime ule mwanga kwa dakika moja, afungue pazia, ageuze jani na kulitazama upande wa chini kwa nuru ya dirisha. Alikuta vidudu vidogo vyekundu visivyohesabika. Hewa ya nyumba inayopashwa moto ni kavu, na utitiri hupenda ukavu. Dawa yake ya kwanza ni kuuogesha mti mzima bafuni kwa maji vuguvugu na sabuni laini kidogo, majani juu na chini, na kurudia kila baada ya siku chache mpaka waliotaga na waliototolewa waishe wote.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi. Maji ya bomba ya London yana chokaa nyingi, ambayo wenyeji huiona imeganda ndani ya birika. Chokaa hiyo hukusanyika katika udongo wa chungu, ikaufungia mti madini ya chuma, na majani mapya yakatoka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ndoo ya maji ya mvua iliyowekwa nje ya dirisha la jikoni iliondoa tatizo hilo, na mvua ndicho kitu kimoja ambacho mji ule haukupata kuninyima.

Jambo gumu kuliko nuru, joto, utitiri na chokaa lilikuwa ua. Mti ulishiba, ukajaa majani mazito yanayong'aa, wala haukuchanua. Mwenzangu wa ghalani, mzee wa Sicily ambaye baba yake alikuwa na shamba la milimau, aliusikiliza mlolongo wa malalamiko yangu akauliza jambo moja tu: kama mti huo uliwahi kushinda na kiu. Kwao, akasema, wakulima huiacha milimau bila ya maji katika Juni na Julai mpaka majani yajikunje, kisha huifungulia maji, na miti hiyo iliyoonja mashaka huchanua mara moja na kuzaa malimau ya kijani ya mwaka unaofuata, yanayouzwa kwa bei nzuri kwa kuwa huiva wakati ambapo mengine hayapo. Nilipomsikia nikakumbuka kwamba hata kwetu michungwa huchanua mvua inapourudia udongo uliokauka. Kumbe kwa miaka mingi mti wangu ulikuwa umelishwa kila siku saa ileile kipimo kilekile, haukuwa na vuli wala kiangazi, wala sababu yoyote ya kuogopa kufa. Na mti usioogopa kufa hauna haraka ya kuacha mbegu.

Desemba iliyofuata niliupeleka kwenye ukumbi wa nyuma usiopashwa moto sana, taa nikaipunguzia saa, maji nikayashika mpaka kingo za majani zikaanza kukunjamana, na moyo wangu haukuwa na raha wiki zile. Mwishoni mwa Januari nikaurejesha kwenye joto na kuunywesha vizuri. Katika Februari, theluji ikiwa nje, yakatokea kwenye makwapa ya majani matumba meupe yasiyozidi punje ya mchele, yakavimba, yakafunguka, na nyumba nzima ikajaa harufu ambayo wageni waliofika mlangoni waliuliza tumefukiza nini. Kwa kuwa nyuki hakuna ghorofani, nilichukua brashi ndogo ya rangi ya mtoto wetu nikaigusisha chavua ya ua moja na ncha ya ua jingine, ingawa ndimu hujitosheleza na pengine zingeshika bila ya msaada wangu. Vitunda vingi vilianguka vikiwa vidogo kuliko pilipili manga. Hilo si la kuhuzunikia, maana hata shambani, penye jua tele, mchungwa hudondosha sehemu kubwa mno ya maua yake na kulea machache unayoyamudu. Ndimu zilizobaki zikaiva baada ya miezi kadhaa, na siku ya kwanza kuzichuma tulikula samaki.

Sasa nilijibu swali la yule askari. Mwezi wa Oktoba 2022, umeme ulipopanda Uingereza, serikali iliweka bei ya wastani ya peni 34 kwa uniti moja. Taa yangu ya zamani ya wati 400, kama ingali inawaka saa kumi na nne kwa siku, ingekula uniti tano na zaidi, karibu pauni moja na peni 90 kila siku iendayo kwa Mungu. Taa ya LED ya wati 60 kwa saa hizohizo isingefika peni 29. Hata hiyo ya pili, ukijumlisha miezi ya baridi na kugawa kwa ndimu zinazopatikana, hutoa ndimu ya bei ambayo hakuna mchuuzi angethubutu kuitaja sokoni Darajani. Kwa hiyo anayetaka maji ya ndimu na aende dukani. Anayetaka majani mabichi ya kufikicha mkononi katika Januari, na maua wiki mbili tatu kwa mwaka, na kitu kilicho hai cha kukitazama anaporudi kazini gizani, huyo na anunue taa nyeupe ndogo, aishushe karibu, aifunge swichi ya saa, na ahesabu gharama yake katika fungu la starehe, si la chakula.

Niliporudi Unguja mdimu ule niliuacha kwa mwanangu, naye amebaki huko. Watu wameniuliza kwa nini sikuja nao, na wengine huniuliza kinyume chake, kama wanaweza kuwapelekea jamaa zao wa Ulaya mche au kikonyo kutoka ua wa nyumbani, kimefungwa katika gazeti bichi ndani ya sanduku. Jibu langu kwa wote ni hapana. Yapo maradhi ya bakteria yanayoidhoofisha jamii yote ya michungwa, yanayoenezwa na vidudu vidogo vinavyofyonza majani machanga, na mti ulioyapata hauna dawa. Yaligunduliwa Florida mwaka 2005. Jimbo hilo, lililovuna zaidi ya makasha milioni 240 ya machungwa katika msimu wa 2003–04, lilivuna chini ya milioni 20 katika msimu wa 2023–24, na ingawa vimbunga na ujenzi wa majumba vina sehemu yao, maradhi hayo ndiyo mzigo mkubwa. Aina yake nyingine ni ya Afrika yetu, na kidudu kinachoieneza kilionekana Galicia, kaskazini magharibi ya Uhispania, mwaka 2014. Mche hauonyeshi ugonjwa siku ya safari. Waweza kukaa miezi ukiwa umependeza.

Basi nawaomba vijana wetu wanaokwenda na kurudi, na wazazi wanaowafungia mizigo, wasibebe mche wala kikonyo cha jamii hii, kwani sheria za Ulaya zinakataza miche yake kuingizwa kutoka nchi za nje, na katazo hilo lina haki. Mche wa mdimu uliobebeshwa hupatikana katika vitalu vya hukohuko, nao huuzwa ukiwa na hati yake ya afya.